Na Mimi Je?

Nilikuwa nimepeleka uji tu.

Shemeji yangu alikuwa amepasuliwa kidole tumbo pale Russia, kama mji mzima wa Kisumu unavyoiita hospitali yetu kuu, na zamu ya jioni ilikuwa yangu. Thermosi ya uji wa wimbi, vikombe viwili vya plastiki, kitana, leso safi. Alikunywa nusu kikombe akalala. Nikabaki ukingoni mwa kitanda nikipiga hesabu ya mauzo ya siku kwenye simu.

Mama wa kitanda cha pili akaita.

"Pasta."

Niligeuka kumtafuta huyo pasta.

"Wewe. Si ni wewe ulikuwa na skafu ya buluu kwenye yale matanga ya Manyatta? Kuja hapa uandike."

Nikamweleza kwamba mimi ni msomaji, si pasta. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Alitaka mtu wa kuandika, na alikuwa ameshaamua ni nani.

Alitaka niandike madeni. Nilikuwa na risiti ya beli ya mapazia ya mitumba, biashara yangu, mfukoni, nikaigeuza upande wa nyuma. Sauti ilikuwa inakatika lakini hesabu ilikuwa nzima. Mwenye kibanda cha chipsi, 1,500. Mwenzake wa chama, 3,000, tangu mwaka juzi. Kaka yake, mbuzi mmoja. Mwalimu fulani, mandazi ya muhula mzima, kiasi hakumbuki, "weka alama tu." Tulipofika majina tisa akasema sasa nisome, moja moja, polepole. Kila jina nililosoma alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Futa." Nami nikapiga mstari.

Yule wa chama alimchukua muda. Aligeukia ukutani. Muuguzi akapita na toroli ya dawa, akafika mwisho wa wodi, akarudi, na mama bado hajasema neno.

"Futa," akasema hatimaye. "Lakini aliniumiza."

Nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Kisha akanipa jina la kumi. Hilo lilikuwa deni lake yeye: mama wa nyanya, soko la Jubilee, 800. "Hilo usifute." Na baada ya hapo akaanza kusema mambo mengine ambayo si ya pesa, na ambayo sitayaandika hapa. Yanahusu mtoto wa mwanamke mwingine. Aliyasema akitazama dari. Alipomaliza aliniangalia mimi, usoni, kwa mara ya kwanza.

"Na mimi je?"

Nilijua kabisa anauliza nini. Ametoka kufuta watu tisa mbele yangu.

Nikasema, "Tumwombe Mungu atusamehe."

Atusamehe. Sisi sote: yeye, mimi, muuguzi na toroli yake. Alinitazama kama mteja anavyokutazama akigundua pazia ulilomuuzia lina doa. Akafumba macho.

Kesho yake jioni godoro lilikuwa limepanguswa, mpira unang'aa, hakuna shuka.

Silabi moja

Kwa wasiosali kwetu: mimi ni msomaji katika Kanisa la Kianglikana, mwaka wa 9 sasa. Vika wetu ana makanisa 6 na pikipiki moja, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada tunaongoza sisi. Tunahubiri, tunazika, tunatembelea wagonjwa. Ushirika Mtakatifu hatuadhimishi. Na watu wakishaungama dhambi, pale ambapo kasisi angesimama awatangazie ondoleo, "Mungu awasamehe", msomaji hubaki magotini pamoja na wengine na kusema "atusamehe".

Wa. Tu.

Silabi hiyo haikuwahi kunisumbua. Niliipenda, hata. Ndani ya "tu" mtu anajificha vizuri. Ukiomba bila imani, mko wengi. Ukihubiri ovyo, sote ni wadhaifu, Bwana atusaidie.

Lakini tangu siku ile, wiki baada ya wiki, kila nikifika pale kitabuni ulimi unajikwaa. Jumapili moja nilinyamaza muda mrefu mpaka mzee wa kanisa akakohoa. Nikipanga mapazia kibandani nalisikia lile swali, na anayeuliza hana hasira. Anauliza tu, kama mtu aliyeagiza chai na haijaletwa.

Wasichana kumi na wanne

Haikuwa mara ya kwanza kwangu kudhani nimeitwa, na ni vizuri niseme hivyo mapema.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mhubiri mgeni alikuja kwenye mkutano wa Umoja wa Wakristo shuleni. Akafunga macho, akatetemeka kidogo, akasema, "Kuna msichana humu ndani Mungu anamwita kwenye utumishi." Msichana mmoja. Tulisimama 14. Mimi nilisimama kwa sababu jirani yangu wa dawati alisimama, na yeye, aliniambia baadaye, alisimama kwa sababu alikuwa amechoka kukaa.

Mhubiri alifurahi sana. Alituombea wote.

Sijawahi kuamini kwamba alitudanganya. Lakini tukio lile liliniachia shaka ya kudumu. Tangu hapo mtu akisema "nimeitwa", jambo la kwanza linalonijia ni kuuliza ni nani aliyekuwa amekaa karibu naye.

Na shaka hiyo ina kazi nyingi huku kwetu. Nawajua wanaopanda basi la Nairobi pale stendi, wanaombea safari mpaka Ahero, wanakusanya sadaka, wanashuka. Siwacheki. Mmoja wao alikuwa akiuza soksi jirani na kibanda changu kabla soksi hazijamshinda.

Hapo ndipo ninapoumia mimi. Biashara yangu pia inanishinda. Beli ya mapazia niliyofungua Mei ilikuwa fagia tupu: mapazia mafupi ya madirisha ya watu wafupi, sijui wanaishi wapi, na mengine yana matundu ya sigara. Nililia chini ya turubai pale soko la Kibuye, watu wakipita. Mwezi mmoja baadaye nikaitwa pasta wodini. Je, ile beli ingekuwa kamera, yaani mitumba ya daraja la kwanza, ningelisikia lile swali kwa sauti ile ile?

Sijui. Nimejiuliza nikiwa naoga, nikiwa kwenye tuktuk, nikiwa katikati ya mahubiri yangu mwenyewe.

Huku magharibi tunapenda kusimulia habari za Kardinali Maurice Otunga, mwana wa chifu Sudi Namachanja wa Wabukusu, aliyeiacha njia ya uchifu akapewa upadri mwaka 1950. Ni simulizi nzuri, na ni ya kweli. Ila inatufundisha kupima wito kwa ukubwa wa kitu kilichoachwa. Mwana wa chifu akiacha kiti, kila mtu anaona. Muuza mapazia mwenye deni akiacha kibanda, watu watauliza tu kama amepata kazi.

Sheria ya Dani

Nililelewa na bibi yangu, Dani, kule Alego. Dani alikuwa wa kanisa la Roho. Kanzu nyeupe, msalaba mwekundu, ngoma. Watu wake bado wanamtaja Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana aliyeteketea ndani ya nyumba kule Musanda mwaka 1934, kana kwamba moshi haujaisha.

Dani alikuwa na sheria moja ya usiku. Ukisikia jina lako likiitwa gizani, usiitike. Ukiitwa mara ya pili, amka ukae kitandani. Mara ya tatu ndipo uulize ni nani. Jachien, pepo mbaya, huita mara moja tu, alisema. Hana subira. Mwenye haja na wewe kweli ataita tena.

Kwa hiyo nilipofundishwa habari za Samweli katika shule ya Jumapili, sikumshangaa Mungu kuita zaidi ya mara moja. Nilimshangaa mtoto. Kila akiitwa anakimbia! Hakuwa na bibi?

Nimeisoma tena sura ile mara nyingi mwaka huu, na ninaona wahubiri, nikiwemo mimi, huwa tunaikatia katikati. Tunaishia pale anaposema mtumishi wako anasikia, watu wanasema amina, sadaka inapitishwa. Hatuendelei mpaka kwenye kile alichoambiwa, ambacho kilikuwa habari mbaya kuhusu nyumba ya mzee aliyemlea. Samweli akalala mpaka asubuhi. Akaamka akafungua milango ya nyumba ya Bwana, kazi yake ya kila siku, huku anaogopa kusema. Mtoto aliyeitwa, na jambo la kwanza analofanya ni kuzungusha komeo.

Funguo za kanisa letu ninazo mimi. Nazijua hizo asubuhi.

Kwa Dani hakuna aliyejaza fomu. Roho ikikushukia, imekushukia, na iliwashukia wanawake bila kuuliza mtu. Nilipomweleza kwamba kwetu kuna barua, vikao na mahojiano, aliniuliza, "Mnamwomba Mungu cheti?" Alifariki kabla ya 2021, mwaka ambao Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi kule Bondo, na mwezi wa Septemba, Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Ile ya Butere ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimetoka ibadani, niko kibandani, na wanawake watano tuliinamia simu moja iliyopasuka kioo. Mzee mmoja aliyekuwa akipima pazia akauliza, kwa uzito kabisa, "Sasa mume wa askofu ataitwaje?" Hakuna aliyemjibu. Alilipa akaenda.

Siku hiyo nilifurahi kama unavyofurahia harusi ya jirani. Haikunijia hata kidogo kwamba jambo lile linaweza kunihusu.

Ukitumia sheria ya Dani, mimi nimeshaitwa mara tatu: shuleni, halafu mara moja kwenye mazishi ambayo sitayaeleza, halafu wodini. Lakini mtu akitafuta tatu atazipata. Hata fagia ukiipanga vizuri inafanana na kamera.

Vika na plagi

Nilimwendea vika mwishoni mwa Juni. Alikuwa chini ya mwembe nyuma ya kanisa anasafisha plagi ya pikipiki kwa msasa. Nilimweleza yote: risiti, majina, swali. Nakiri nilikuwa nikisubiri anisifu. Nilikuwa nimeulinda utaratibu, sikujitwalia mamlaka nisiyopewa.

Alipuliza plagi.

"Ulimwogopa nani?"

"Sikumwogopa mtu. Sina ruhusa ya kutangaza ondoleo."

"Ibadani, sawa. Lakini Mkristo yeyote angeweza kumwambia yule mama kwamba Mungu amemsamehe. Mtoto wa kipaimara angeweza. Hiyo ni Injili, mama, si kola."

Nilihisi uso unapata moto. Majuma yote yale nilikuwa nikijifariji kwamba nilizuiwa na sheria. Kumbe sheria ilikuwa mlango tu wa kujificha nyuma yake, na haukuwa umefungwa.

Nikamwambia, kwa hasira kidogo, "Basi hiyo kola siihitaji."

"Sijasema hivyo pia." Akaifunga plagi. "Rudi Kibuye ukauze mapazia mpaka Agosti iishe. Likikuacha, tumshukuru Mungu. Likikataa kukuacha, niandikie barua. Na ujue kuna miezi kota, mchango wa parokia, haitoshi, na isipotosha, kinachosubiri ni mshahara wangu."

Akapiga kiki. Pikipiki ikawaka mara ya tatu. (Dani angesema kitu.)

Swali alilonitia likawa gumu kuliko lile la kwanza. Kama ningeweza kumjibu mama yule bila daraja lolote la kanisa, naomba daraja la nini? Kuomba ushemasi ili nipate ujasiri ambao ningepaswa kuwa nao kama Mkristo wa kawaida, huo si wito. Ni kutafuta sare.

Nilikaa na hilo Julai nzima. Kilichonisogeza ni jambo dogo. Nilimkumbuka shemeji yangu akinisimulia kwamba kaka wa yule mama alikuwa akija kila mchana, na ni mtu wa kanisa, mtu wa maombi ya sauti. Wodi ilikuwa na wagonjwa waliookoka pande zote. Kama ni neno la faraja, lilikuwepo tele. Hakuwauliza wao. Alimsubiri mtu aliyewahi kumwona na skafu.

Dada au kaka akikwambia umesamehewa, anakupa upendo wake, na upendo wake unajua utakutetea. Kuna wakati mtu anataka kusikia kutoka kwa aliyetumwa, ambaye hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza, na ambaye angekwambia vivyo hivyo hata kama hakupendi. Na kujituma mwenyewe haiwezekani. Ndiyo maana kuna barua na vikao. Ninachokwenda kuuliza mbele ya watu wazima wenye kalamu ni swali moja: je, ninyi mnanituma, au mimi ndiye ninayejituma?

Wanaweza kusema hapana. Nimejaribu kujiambia kwamba hapana yao nitaipokea. Nikisema hivyo mbele ya kioo, sijiamini.

Baba watoto

Mume wangu ni fundi wa friji, na anafikiri kama fundi: kwanza tafuta panapovuja.

Tulizungumza watoto wamelala. Alianza na Jumapili. Jumapili ndiyo siku ya Kibuye. Jumapili moja nzuri inaweza kulipa kodi ya nyumba. Tayari nafungua saa saba baada ya ibada, na asubuhi namwachia binti wa kuajiriwa, na tayari tunapoteza. Sasa niende chuo, miaka, kisha parokia ambayo huenda iko Nyakach au Siaya, nani ajuaye. Yote hayo nilikuwa nimeyategemea. Nilikuwa na majibu, mengine ya kweli.

Kisha akasema, bila ukali, "Nyar Alego, unakwenda kwa sababu ya yule mama. Na yule mama amekufa. Huwezi kwenda seminari kumjibu maiti."

Sikuwa na jibu. Sinalo hadi leo. Kama ni majuto yanayonisukuma, yatakwisha siku moja, na yakiisha nitakuwa kasisi wa watu wasio na hatia ambao hawakuniuliza kitu. Lakini pia sijui mtu yeyote aliyesukumwa na kitu safi. Musa alikuwa amemuua mtu. Mwenyewe nikisema hivi nasikia jinsi kulivyo rahisi kumtaja Musa.

Agosti ikaisha. Halikuniacha.

Nikaandika barua usiku, mezani, yeye akiwa ameketi kando na redio ya jirani aliyokuwa amefungua matumbo. Cheti cha KCSE, C tupu, miaka 41, watoto watatu, miaka 9 ya usomaji. Aliisoma akanirudishia.

"Ongeza kwamba mume wako hajakubali."

Nilidhani ananikomoa. Akaendelea kukaza skrubu. "Kama ni Mungu, hiyo haitamzuia. Na kama wewe ndiye, wajue mapema."

Nikaiongeza. Ni aya ya nne, mstari mmoja. Wiki iliyopita vika aliisoma barua amesimama, akafika pale, akacheka peke yake, akaikunja. Itakwenda kwa halmashauri ya parokia, na wakiipitisha nitaitwa mbele ya askofu na kamati yake. Mume wangu hajabadilisha neno lake. Lakini juzi nilimsikia akimuuliza mteja mmoja kutoka Maseno kama matatu za jioni za kuja Kisumu hukawia, na St. Philip's, chuo cha theolojia, kiko huko huko Maseno.

Jubilee

Jumamosi nilikwenda kumtafuta mama wa nyanya.

Nilikuwa nimeahirisha tangu Juni. Pesa nilikuwa nazo, si nyingi, lakini 800 mtu hazikosi kwa miezi mitatu. Nilikuwa naogopa tu kwamba nikishalipa, nitakuwa nimebakiwa na sababu moja kidogo.

Nilimpata upande wa mboga, ameketi juu ya kreti, anapangusa nyanya kwa ncha ya leso na kuzipanga tano tano. Nikamtajia jina la marehemu. Nikanyoosha mkono wenye pesa.

"Nani amekutuma?"

Nikamwambia ni yeye mwenyewe. Akaendelea kupangusa nyanya ile ile.

"Amekufa lini?"

"Juni."

"Hakuna aliyeniambia."

Alizihesabu noti mara mbili. Akatoa 200 akanirudishia.

"Ilikuwa mia sita. Yule mama hesabu haikuwahi kumwingia."

Nikabisha kidogo, akakataa, akanitilia nyanya mbili juu na kumgeukia mteja mwingine. Nilipofika nje, karibu na vibanda vya viatu, nilitoa ile risiti nikaiweka juu ya goti na kupiga mstari kwenye jina la kumi.

Mia mbili bado ninazo.